Kupima vichafuzi vipya vya maji kwa mayai ya konokono: mwongozo kwa walimu na wanafunzi wa Bukavu

Mito ya Kawa na Kahuwa, inayopita katikati ya makazi ya Bukavu na kumwaga maji yake katika Ziwa Kivu, hupokea maji machafu ya nyumba nyingi, na maji ya namna hiyo kwa kawaida huwa na mabaki ya dawa za maumivu, antibiotiki, homoni za vidonge vya uzazi wa mpango na kemikali za vipodozi. Kemikali hizi huitwa vichafuzi vipya kwa kuwa ufuatiliaji wake majini ulianza majuzi tu, ingawa nyingi zimetumika kwa miaka mingi. Kwa viwango vidogo ni nadra zimuue konokono mzima, na ndiyo maana anayehesabu maiti peke yake hukosa habari kubwa, ambayo imo ndani ya mayai.

Konokono anayefaa ni Biomphalaria, mwenye gamba bapa lililojiviringa kama sarafu. Huyu ndiye anayebeba vimelea vya kichocho cha tumbo, kwa hiyo usiingie majini bila mabuti ya mpira na glavu ndefu, wala usiwaruhusu wanafunzi kuokota kwa mikono mitupu. Wale uliowaokota wakae peke yao katika ndoo yenye mfuniko, na kipande cha plastiki kielee juu ya maji. Watataga chini yake vishada vya mayai vilivyofunikwa na ute. Mayai hayana kichocho, kwa hiyo kizazi kinachoanguliwa humo ndicho utakachokitumia kwa jaribio. Walishe saladi iliyochemshwa kidogo. Maji ya bomba yaache wazi kwa siku moja ili klorini itoke, na usitumie chombo cha shaba kamwe, maana shaba huua konokono upesi kuliko dawa yoyote unayotaka kuipima.

Kizazi hicho kikikomaa na kuanza kutaga, chukua mayai yasiyozidi umri wa siku moja, uyagawe katika chupa za kioo: tatu za maji safi za kulinganishia, na tatu kwa kila kiwango cha kichafuzi. Ukitumia maji ya mto moja kwa moja utapata jibu lenye utata, kwani yana amonia na oksijeni kidogo, mambo ambayo yenyewe hudhuru viinitete, yaani konokono wachanga wanaokua ndani ya mayai. Ni afadhali kuanza na dawa moja. Saga kidonge cha parasetamoli cha miligramu 500, kichanganye na maji hadi lita moja. Chukua mililita 1 ya mchanganyiko huo uijazie maji hadi lita moja, upate miligramu 0.5 kwa lita. Kisha chukua mililita 10 za huo wa pili, ujaze tena hadi lita moja, upate mikrogramu 5 kwa lita, kiwango kilicho karibu zaidi na hali halisi ya mito michafu.

Badilisha maji kila baada ya siku mbili, na kila asubuhi tazama kwa kioo cha kukuzia. Kiinitete chenye afya huzunguka polepole ndani ya yai, kisha moyo wake huonekana ukipiga. Andika waliosimama kukua, waliokosa gamba, na siku ya kuanguliwa. Kwa nyuzijoto 25 huchukua takriban wiki moja. Katika chumba cha Bukavu, ambako usiku ni baridi, huchelewa, kwa hiyo chupa zote zikae meza moja, mbali na dirisha.

Mwaka 2016 OECD, yaani Shirika la Ushirikiano wa Kiuchumi na Maendeleo, ilipitisha miongozo namba 242 na 243, inayopima uzazi wa konokono kwa siku 28. Ukitaka, fuata muda huo kwa wakubwa ukihesabu vishada, lakini usitafute spishi zake, Potamopyrgus antipodarum na Lymnaea stagnalis; si wa hapa, na kuwaleta ni hatari nyingine.

Mwishoni konokono wote wachemshwe. Maji ya ndoo ya wale waliookotwa nayo yachemshwe kabla ya kumwagwa, na yale yenye dawa yamwagwe katika shimo la taka lililo mbali na kisima. Yasirudi ziwani.