SOMO: Bakapu ya data za biashara, diski ya dukani pamoja na wingu

Swali ni lile lile kila wiki: "mkuu, kompyuta ya duka imekufa, data zinarudije?" Nimechoka kujibu mmoja mmoja, naliweka hapa. Mfano wetu ni duka la jumla la Mwanga, Kigoma: mashine moja ya Windows, mfumo wa mauzo unaotumia MySQL (databesi, yaani programu inayohifadhi rekodi za mauzo), jumla GB 40 pamoja na skani za ankara, intaneti ya kupandisha Mbps 2.

Google Drive inayojisawazisha na folda yako si bakapu. Ukifuta faili huku, na kule linafutika. Kirusi kikifunga mafaili, yaliyofungwa ndiyo yanayopanda. Unahitaji nakala mbili zenye kazi tofauti: diski ya hapo hapo ili urudi kazini haraka, na wingu kwa siku ambayo duka limeungua au limevunjwa. Kushusha GB 40 kwa Mbps 5 ni karibu saa 18, na hapo mtandao usikatike. Kwa diski ya USB 3, saa moja haifiki.

Hatua 1. Nunua diski mbili za nje za TB 1. Ziformati kwa NTFS. exFAT (muundo mwingine wa diski) haina jarida la uandishi, yaani kumbukumbu ya kinachoandikwa, umeme ukikatika katikati inavurugika kirahisi.

Hatua 2. Pakua restic, programu ya bakapu inayoendeshwa kwa amri za kuandika, weka C:\restic. Ni ya bure.

Hatua 3. Kwenye kila diski ya nje (hapa ni E) tengeneza hazina, yaani folda ambamo restic inatunza nakala: restic -r E:\bakapu init. Nywila utakayoweka iandike kwenye karatasi mbili, moja ikae nyumbani kwa mwenye duka.

Hatua 4. Hapa ndipo wengi wanaumia, someni taratibu. Usinakili folda ya data ya MySQL wakati mfumo unafanya kazi. Databesi inaandika mafaili mengi kwa pamoja. Ukinakili saa keshia anapiga mauzo, utabeba nusu ya zamani na nusu mpya. Nakala itaonekana nzima, ukubwa sawa, majina sawa, ila siku ya kurejesha MySQL inagoma kuwaka. Toa dampo kwanza, yaani faili moja la maandishi lenye databesi nzima:

mysqldump --single-transaction --routines --databases duka --result-file=D:\dampo\duka.sql

Mambo matatu. --single-transaction inalinda jedwali za InnoDB tu (InnoDB na MyISAM ni aina mbili za jedwali za MySQL). Kama mfumo wako ni wa zamani na una jedwali za MyISAM, toa dampo baada ya kufunga duka. Pili, usitumie alama ya > ndani ya PowerShell ya Windows: inaandika faili kwa UTF-16 (mfumo mwingine wa herufi) na MySQL hailisomi wakati wa kurejesha, ndiyo maana nimeweka --result-file. Tatu, usilizip. Restic inabana yenyewe kuanzia toleo 0.14 na inapandisha vipande vilivyobadilika tu. Ukilizip, faili zima linageuka kila siku na bando lako linaisha.

Hatua 5. restic -r E:\bakapu backup D:\dampo D:\ankara

Hatua 6. Fungua hazina ya pili kwenye wingu (Backblaze B2, au huduma yoyote ya kuhifadhi inayokubali S3, lugha ya hifadhi ya Amazon), ukiongeza --from-repo E:\bakapu --copy-chunker-params kwenye init yake, ili hazina zote mbili zikate data vipande kwa namna moja. Kisha kila usiku tumia restic copy kutoka E kwenda wingu. Mara ya kwanza GB 40 kwa Mbps 2 ni kama saa 45, kwa hiyo anza Jumamosi jioni. Kama lazima ipande mchana, weka --limit-upload 100. Kipimo hapo ni KiB kwa sekunde: 100 ni chini kidogo ya nusu ya Mbps 2, keshia hatalalamika.

Hatua 7. Kusafisha, kwenye hazina zote mbili: restic forget --keep-daily 7 --keep-weekly 5 --keep-monthly 60 --prune. Miezi 60 ni kwa sababu kumbukumbu za kodi zinatunzwa miaka 5.

Hatua 8. Kila Ijumaa badilisha diski. Iliyotoka iende nyumbani, isibaki kwenye droo ya kaunta.

Hatua 9. Mara moja kwa mwezi rejesha kwenye kompyuta NYINGINE, ingiza dampo, fungua mfumo, tafuta risiti ya mwisho ya siku ile na uilinganishe na ya karatasi. Kuona maandishi ya "imefanikiwa" si kujaribu.

MASWALI

dagaa_kavu: Mkuu mimi natumia Google Drive, si inatosha?

Mtoa somo: Aya ya pili.

dagaa_kavu: Nimeisoma, ila Drive si inatunza matoleo ya nyuma?

Mtoa somo: Inatunza, kwa muda. Kurudisha mafaili elfu kumi moja moja ni kazi yako, si yangu.

Mhasibu_Tbr: Shukrani mkuu. Niko Tabora, chama cha msingi cha tumbaku. Kwa nini restic copy na siyo rclone sync (programu ya kusawazisha folda na wingu) ya folda ya E? Naona ni rahisi zaidi.

Mtoa somo: Swali zuri. Sync inafanya kule kuwe kama huku. Mtu akifuta hazina ya E, au diski ikioza vipande, usiku sync inafuta au inapeleka ubovu ule ule. Copy inasoma kila kipande, inakihakiki, inakiandika upya kwenye hazina inayojitegemea. Kilichofutwa huku kule kinabaki mpaka forget ya kule ipite. Ongeza restic check --read-data-subset=1/12 kila mwezi ukibadilisha namba ya kwanza, 2/12, 3/12; mwaka ukiisha umesoma data yote. Kwa wingu itashusha kama GB 3 kila mara, pangia bando.

bosi_kibirizi: Nimepoteza nywila ya restic, nisaidie kuifungua

Mtoa somo: Haifunguki. Hatua ya 3.

bosi_kibirizi: Hakuna namna kweli?

Mtoa somo: Kama mashine bado nzima, anza hazina mpya leo.

nesi_ujiji: Kaka, sisi ni zahanati, taarifa za wagonjwa zinaruhusiwa kwenda seva za nje?

Mtoa somo: Dada, Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, ina masharti ya kusafirisha taarifa nje ya nchi. Ulizeni Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi kabla ya hatua ya 6. Restic inafunga data kabla haijatoka kwenye mashine, ila hilo peke yake haliwaondolei wajibu. Mpaka mpate jibu, hatua nyingine zote fanyeni, na diski ya pili ikae jengo jingine, kabati lenye kufuli.

fundi_mwandiga: Nyongeza: ruta nayo ichomekwe kwenye UPS. Watu wanalinda kompyuta, ruta inazimika, copy inakatika.

Mtoa somo: Kweli. Copy ikikatika irushe tena tu, vingi vya vipande vilivyokwisha kupanda havirudiwi. Ikilalamika kuna kufuli (alama kwamba hazina inatumika, iliyobaki baada ya kukatika), restic unlock.

Mhasibu_Tbr: Na umeme ukiwa haupo saa 8 usiku, ratiba inapita hivi hivi?

Mtoa somo: Inapita kimya. Kwenye Task Scheduler, kipanga ratiba cha Windows, ukurasa wa Settings, weka tiki "Run task as soon as possible after a scheduled start is missed". Kwa laptopu, ukurasa wa Conditions, toa tiki ya kuanza ikiwa kwenye umeme tu.