Kurekodi Mawasiliano ya Skana Nyumbani na Kuyafanya Podikasti

Rekodi nyingi za skana (redio inayozunguka chaneli nyingi ikisaka mazungumzo) huharibika kabla kitufe cha kurekodi hakijabonyezwa. Waya umechomekwa tundu lisilo lake, au skwelchi (kidhibiti kinachonyamazisha redio pasipo na mawimbi ya kutosha) imekazwa mno ikala silabi ya kwanza ya kila sentensi. Uhariri hauwezi kurudisha kisichoingia, kwa hiyo sehemu kubwa ya maelezo haya ni ya kabla ya kurekodi.

Ila sheria kwanza. Kusikiliza ni jambo moja, kuwapa wengine ulichosikia ni jambo jingine, na nchi hazifanani. Uingereza, kifungu cha 48 cha sheria ya mawasiliano ya redio ya mwaka 2006 kinakataza kusikiliza bila idhini ujumbe usiokuhusu, na kufichua yaliyomo pia. Hata huko, redio ya ridhaa (ya watu wanaozungumza kwa redio kama burudani), CB (redio ya wananchi) na matangazo ya hali ya hewa ni ya kusikilizwa na yeyote. Soma sheria ya ulipo kabla ya kununua chochote, kisha anza na redio ya ridhaa. Ina mazungumzo marefu yenye mwanzo na mwisho, na podikasti inahitaji hayo.

Chagua chaneli moja, mbili zikizidi. Skana inayozunguka chaneli hamsini huokota nusu ya kila mazungumzo, na msikilizaji hawezi kufuata. Ukilazimika kuzungusha, weka sekunde 2 za kusubiri baada ya kila usemi ili jibu nalo linaswe. Hakikisha pia aina ya mawimbi: ndege huzungumza kwa AM kati ya MHz 118 na 137, vyombo vya majini na redio ya ridhaa kwenye MHz 144 na kuendelea hutumia FM nyembamba. Sauti iliyovurugika ilhali mawimbi yana nguvu mara nyingi ni kosa hilo tu.

Antena ya skana iliyokuja kwenye boksi inatosha kujaribia. Kwa kazi ya kudumu, tengeneza ya robo wimbi: gawanya 71 kwa masafa ya MHz, upate urefu kwa mita. Kwa MHz 145 ni sentimita 49. Waya mmoja usimame, mingine minne ya urefu huohuo iinamishwe chini kwa nyuzi 45 na iungwe kwenye ganda la nje la kebo. Iweke mbali na kompyuta, chaja na taa za LED, kwani hizo ndizo chanzo cha mikwaruzo mingi ya nyumbani.

Sasa waya wa sauti. Kama redio ina tundu lililoandikwa REC OUT au LINE OUT, tumia hilo, maana sauti yake haibadiliki hata mtu akizungusha kitufe cha volumu. Kama lipo la hedifoni tu, tafuta kiwango kinachofaa, kisha bandika utepe kwenye kitufe kisiguswe.

Upande wa kompyuta ndipo wengi wanapokwama. Laptopu nyingi zina tundu moja tu, na mguso wa maikrofoni umo kwenye pete ya nne ya plagi. Waya wa kawaida wa pete tatu haufikishi sauti huko. Kompyuta inadhani umechomeka hedifoni, na unarekodi ukimya. Hata ukipata kigawanyo sahihi, tundu la maikrofoni linategemea sauti ndogo sana na linatoa volti chache za kuwasha maikrofoni. Dawa rahisi ni kadi ya sauti ya USB yenye tundu la LINE IN. Dawa ya bei chini ni kupunguza sauti njiani: rezista ya kilo-ohmu 10 mfululizo kwenye waya wa sauti, ya kilo-ohmu 1 kutoka hapo hadi ardhi ya waya, kisha kapasita ya mikrofaradi 1 mfululizo upande wa kompyuta kuzuia zile volti. Sauti inashuka hadi sehemu moja ya kumi na moja.

Ukisikia mvumo mzito usiokoma, chomoa chaja ya laptopu. Ukitoweka, ni mzunguko wa ardhi kati ya vifaa viwili vinavyotumia umeme wa ukutani. Weka transfoma ndogo ya kutenganisha sauti, 1 kwa 1, kati ya redio na kompyuta.

Skwelchi: zungusha hadi mikwaruzo ikatike, ongeza kidogo kabisa, acha. Kisha rekebisha kiwango cha kurekodi hadi msemaji mwenye sauti kubwa kuliko wote afike karibu na dB -12, ambapo 0 ndiyo kikomo. Sauti iliyogonga 0 imekatwa kichwa, na hakuna programu inayoirudisha ilivyokuwa.

Rekodi mono, biti 16, Hz 22,050. Sauti ya redio ya aina hii haizidi sana Hz 3,000, kwa hiyo zaidi ya hapo ni kujaza diski. Saa moja ni takriban MB 159. Programu ya kurekodi ya Audacity ina chaguo la kurekodi pale tu sauti inaposikika. Linavutia, lakini huanza baada ya sauti kuvuka kiwango, na neno la kwanza linapungua. Afadhali urekodi yote na ukimya uuondoe baadaye kwa amri hii ya programu ya SoX:

`sox asili.wav fupi.wav highpass 300 silence -l 1 0.3 1% -1 1.0 1%`

Sehemu ya `highpass 300` inaondoa mvumo na toni za chini za CTCSS (za kufungua redio zilizokusudiwa tu), ambazo ziko kati ya Hz 67 na 254. Kisha kila ukimya unaozidi sekunde moja unabakizwa sekunde moja, na vishindo vifupi kuliko sekunde 0.3 havihesabiwi kuwa usemi. Faili likitoka na urefu uleule, jua kelele za chini zinapita asilimia 1. Panda hadi 2 au 3. Maneno yakianza kukatwa, umepita.

Ukishakata ukimya, hujui tena neno lilisemwa saa ngapi. Gawa rekodi kwa saa moja moja, zipe majina ya tarehe na saa ya UTC (saa ya kimataifa), na usifute faili la asili hadi kipindi kiwe kimetoka.

Anayetumia kifaa cha USB cha RTL-SDR (kipokezi cha redio kinachochomekwa kwenye kompyuta) badala ya skana hahitaji waya wa sauti kabisa. Programu ya RTLSDR-Airband hunasa chaneli kadhaa kwa pamoja, mradi ziwe ndani ya upana wa takriban MHz 2.4, na huandika kila moja kwenye MP3 yake.

Katika kuhariri, kuwa mkali. Toa majina, anwani, namba za simu, namba za magari na lolote la afya ya mtu. Ondoa sentensi nzima, maana mlio juu ya neno moja huwafanya watu walitafute. Acha siku kadhaa zipite kati ya tukio na kipindi. Dakika 12 zenye maelezo yako mafupi ya masafa, siku na misamiati zina faida kuliko saa tatu mbichi.

Kusawazisha sauti na kutoa MP3, kwa programu ya ffmpeg:

`ffmpeg -i kipindi.wav -af loudnorm=I=-19:TP=-1.5 -ac 1 -ar 22050 -b:a 48k kipindi.mp3`

LUFS (kipimo cha ukubwa wa sauti kama sikio linavyoisikia) -19 ndicho kiwango cha kawaida cha podikasti za mono. Usiache `-ar 22050`, kwa kuwa `loudnorm` hupandisha sampuli hadi Hz 192,000 kimyakimya.

Kwenye faili la RSS (orodha ya vipindi inayosomwa na programu za podikasti), kila kipindi kinahitaji `enclosure` yenye anwani, ukubwa kwa baiti na aina `audio/mpeg`, pamoja na `guid` yake, yaani kitambulisho cha kipindi. Picha ya jalada iwe mraba, kati ya pikseli 1400 na 3000. Ukigundua jina lililosalia ukalazimika kupakia upya, badilisha ukubwa wa baiti lakini `guid` iache ilivyo, la sivyo programu za wasikilizaji zitakiona kama kipindi kipya.