Tafuta neno "Makofi" kwenye Hansard

Kwa mnaoandika tasnifu za mawasiliano ya kisiasa hapa Dodoma: ukipakua Hansard (kumbukumbu rasmi ya majadiliano) ya kikao cha Bunge, usianzie ukurasa wa kwanza. Fungua faili, tafuta neno "Makofi", linaloandikwa kwenye mabano pale wabunge wanapopiga makofi, kisha soma aya iliyolitangulia. Soma aya nzima, kwa sababu mara nyingi mabano huwekwa mwishoni mwake hata kama makofi yalipigwa katikati. Hapo unakutana moja kwa moja na kauli zilizoitikiwa: shukrani kwa Rais, sifa kwa wananchi wa jimbo, hoja zilizopangwa tatu tatu. Rudia kwa "Kicheko". Hata hotuba ndefu ya bajeti ya Juni inakupa sampuli ya kutetea mbele ya msimamizi, maana kigezo cha kuchagua kimo ndani ya kumbukumbu yenyewe, hukukibuni wewe. Ila mabano hayasemi nani alipiga makofi wala kwa nguvu gani. Kama unalinganisha chama tawala na upinzani, video ni lazima, tena hili msilipuuze. Faili zilizoskaniwa kama picha hazitafutiki. Hizo zinasomwa kwa macho.