Unataka kwenda anga za juu kwa kulipa? Soma hii kabla hujatoa hela

Wengi wetu tukisikia habari za watalii wa anga za juu tunadhani ni safari moja, yani unalipa, unapanda roketi, unaenda. Hapana. Ziko safari za aina mbili na zinatofautiana sana, ukizichanganya utakuwa unalinganisha bei ambazo hazilinganishiki kabisa. Kwa hiyo kabla hujauliza bei, uliza hicho chombo kinafika wapi na kinakaa huko muda gani.

Aina ya kwanza ni ya kupanda na kushuka. Unarushwa juu, unaelea dakika tatu au nne hivi, unarudi chini. Waliofanya biashara hii ni Blue Origin ya Jeff Bezos, wakirusha roketi yao ya New Shepard kutoka jangwa la Texas magharibi, na Virgin Galactic iliyoanzishwa na Richard Branson, kutoka New Mexico. Aina ya pili ni ya kuizunguka dunia, unakaa huko siku kadhaa, na hiyo saiz inabebwa na kapsuli (chumba cha abiria kinachokaa juu ya roketi) ya Dragon ya SpaceX, mara nyingi ikiuzwa na kampuni ya Axiom kwa wanaokwenda kwenye kituo cha kimataifa cha anga za juu, ISS. Kinachofanya bei ipae ni kasi. Kufika juu tu, kasi ya mara tatu hivi ya sauti inatosha. Ila ili usidondoke, ubaki unazunguka, lazima ufike kama kilomita 28,000 kwa saa, na hapo roketi inakuwa kubwa, mafuta mengi, na kurudi kwako kunakuwa kupita kwenye moto. Ndio maana moja inauzwa kwa malaki ya dola na nyingine kwa mamilioni.

Tuje kwenye hela. Dennis Tito, Mmarekani, ndiye wa kwanza kujilipia nauli, Aprili 2001, alipanda Soyuz ya Warusi kwa takriban dola milioni 20. Mwaka uliofuata akaenda Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, Mwafrika wa kwanza kufika anga za juu, na naomba tulikumbuke hilo maana watu wanaongea kama vile Afrika haijawahi kuwepo kwenye hii orodha. Kiti cha Axiom safari yao ya kwanza, Aprili 2022, kilikuwa dola milioni 55. Virgin Galactic walianza kuuza dola 200,000, mwaka 2021 wakapandisha hadi 450,000, ambayo ni zaidi ya bilioni moja za Kitanzania. Blue Origin hawajawahi kuweka bei hadharani, ila kiti kimoja cha safari yao ya kwanza ya watu, Julai 2021, kilipigwa mnada kikafika dola milioni 28.

Sasa hapa kwenye kulipa ndipo pa kuwa makini kuliko popote. Uliza mambo mawili: hicho chombo kimesharuka na watu, au bado ni mchoro? Na hela ya kutangulizia inarudishwa kiasi gani? Virgin Galactic walipofungua mauzo 2022 ulitanguliza dola 150,000 na kati ya hizo 25,000 hazirudi. Kulikuwa na kampuni inaitwa XCOR, nayo ya Marekani, iliuza tiketi za ndege ya anga za juu ambayo haikuwahi kuruka hata siku moja, 2017 ikafilisika na wateja zaidi ya mia mbili wakabaki na karatasi. Hawa hawakuwa matapeli wa mtaani, ilikuwa kampuni halali yenye mainjinia wa kweli, na hela ilipotea vilevile. Kwa hiyo mtu akikutumia meseji WhatsApp kwamba ana nafasi ya kwenda angani na anataka "ada ya usajili", block.

Na ujue kusubiri. Jon Goodwin, Mwingereza aliyeshiriki Olimpiki ya 1972, alinunua tiketi yake ya Virgin 2005 na akaruka Agosti 2023, miaka 18 baadaye, ana miaka 80 na ana ugonjwa wa Parkinson, na alienda akarudi salama. Hata sasa hivi foleni ni ndefu, maana Virgin walistaafisha chombo chao cha zamani Juni 2024 ili wajenge kipya, na Blue Origin Januari 2026 wakatangaza kusimamisha New Shepard kwa muda usiopungua miaka miwili ili nguvu ziende kwenye mradi wa mwezini. Ukiona mtu anakuuzia kiti cha mwezi ujao kwa hizi safari fupi, shtuka.

Kuhusu mwili, watu wanaogopa bure na pia wanajiamini bure. Kwa New Shepard masharti yalikuwa uwe na miaka 18, urefu kati ya sm 152 na 193, uzito kati ya kilo 50 na 101, uweze kupanda ngazi za mnara wa kurushia roketi, sawa na ghorofa saba, ndani ya sekunde 90, na uweze kufunga na kufungua mkanda wa kiti ndani ya sekunde 15. Huo mkanda ndio ufanyie mazoezi. Nitaeleza kwanini.

Injini inawaka kama dakika mbili na nusu hivi, unakandamizwa kwenye kiti kwa uzito wako mara tatu, kila kitu kinatetemeka, halafu inazimika na ghafla kunakuwa kimya, kapsuli inajitenga na roketi, na hapo saa yako inaanza kuhesabu. Una dakika chache sana. Ukihangaika na mkanda umepoteza sehemu ya kile ulicholipia. Kisha unaitwa urudi kwenye kiti, na hapa usichelewe hata kidogo, kwa sababu kapsuli ikianza kuingia kwenye hewa nzito uzito wako unapanda hadi mara tano na zaidi na huwezi kuwa unaelea bila mkanda wakati huo. Maparashuti matatu yanafunguka, karibu na ardhi hewa inapulizwa kupunguza kishindo, vumbi la jangwa linatimka, umefika. Tangu kuruka hadi kutua ni dakika kumi au kumi na moja.

Ushauri wangu wa dhati ni uamue kabla utazitumiaje zile dakika. William Shatner, yule mwigizaji wa Star Trek, alipokwenda na New Shepard Oktoba 2021 ana miaka 90, wenzake walipokuwa wanapinduka hewani yeye aliganda dirishani, na nadhani alichagua vizuri, sarakasi unaweza kuzipata kwenye zile ndege zinazopanda na kushuka kwa kasi ili abiria waelee ndani, dunia ikiwa imejikunja chini na weusi juu yake huwezi. Simu iache, kuna kamera ndani zinarekodi.

Kwa safari ndefu ni habari nyingine. Mafunzo ni ya miezi, na huko juu damu na maji ya mwili vinapanda kichwani, uso unavimba, pua zinaziba, mgongo unauma kwa sababu uti unarefuka, na siku za mwanzo wengi wanapata kichefuchefu hata wakiwa wazima wa afya. Ratiba nayo usiiamini sana, hao wa Axiom wa 2022 walipanga siku kumi wakakaa kumi na saba maana hali ya hewa ya kutua baharini ilikataa. Kwa ndugu zangu Waislamu wanaojiuliza kuhusu swala wakati jua linachomoza mara 16 kwa siku, suala hilo lilishafanyiwa kazi: 2007 Malaysia ilipompeleka Sheikh Muszaphar Shukor kwenye ISS, tena ndani ya Ramadhani, wanazuoni wao walitoa mwongozo, nyakati zinafuata mahali roketi iliporukia na kibla ni kadiri ya uwezo wako.

Kuna karatasi utasaini na tafadhali isome neno kwa neno. Sheria ya Marekani inataka kampuni ikuambie kwa maandishi kwamba serikali haijathibitisha kuwa chombo ni salama kwa abiria. Mamlaka yao ya anga, FAA, inawalinda walio chini na ndege zinazopita, wewe uliye ndani unakwenda kwa hiari yako ukijua hatari. Na hatari ipo, Oktoba 2014 chombo cha Virgin kilivunjika hewani kwenye majaribio, rubani msaidizi Michael Alsbury akafariki. Kaa na familia yako muongee kabla hujasaini, na mwulize wakala wako wa bima kama bima yako ya maisha inahesabu safari hiyo, nyingine haziihesabu.

Kama hela huna, usifunge ukurasa. Milango ipo na watu wa kawaida wamepita. Keisha Schahaff wa Antigua alishinda viti viwili kwenye bahati nasibu ya hisani akaenda na binti yake wa miaka 18, kwenye chombo kilekile cha mzee Goodwin. Sian Proctor, mwalimu wa jiolojia, alishinda shindano akazunguka dunia siku tatu kwenye Inspiration4, safari ya Dragon iliyobeba raia watupu, mwaka 2021. Sara Sabry, injinia wa Misri, alilipiwa na shirika la Space for Humanity Agosti 2022, na mwenzake Katya Echazarreta aliyetangulia miezi miwili kabla alichaguliwa kati ya waombaji zaidi ya 7,000 kutoka nchi zaidi ya 100. Wakenya na Watanzania wangapi waliomba? Hilo swali linanikera kweli.

Nafasi kama hiyo ikitangazwa tena, andika maombi yako ukieleza utawafanyia nini watu wako ukirudi, maana waliochaguliwa tayari walikuwa na kazi ya kuonyesha mtaani kwao, shuleni, kwenye maabara. Anza hiyo kazi sasa. Paspoti iwe hai, fanya vipimo vya moyo na presha, na viza ya Marekani uishughulikie mapema, kwa sababu ukipitishwa ndio uanze kutafuta tarehe ya usaili ubalozini, utachelewa.