Namna ya kujitoa kwa madalali wa taarifa ukiwa Marekani

Mama mmoja Mkongomani hapa Louisville, Kentucky, alipigiwa simu na mtu aliyemtajia jina la mwanawe, mtaa aliohama miaka 3 iliyopita na tarehe yake ya kuzaliwa. "Mwanao amekamatwa, tuma dola 2,000 sasa hivi." Mama alikwisha vaa viatu aende dukani kutuma pesa, kijana akaingia mlangoni ametoka kazini.

Siku iliyofuata nilikaa naye mezani na simu yangu. Dakika 2 hazikuisha, nikazikuta taarifa zile zile kwenye tovuti ya kutafuta watu, bure, pamoja na jirani wa ghorofa ya zamani ambaye tovuti ilimwandika kuwa ni ndugu yake.

Hao ni madalali wa taarifa. Wanakusanya hati za nyumba, kesi za mahakamani, orodha za wapiga kura, kadi za punguzo za maduka na programu za simu, wanaziunganisha chini ya jina lako, kisha wanaziuza. Marekani haina sheria moja ya nchi nzima ya kuwazuia, kwa hiyo unajitoa mwenyewe, dalali mmoja baada ya mwingine. Tenga jioni 2 au 3.

Hatua ya 1: Andika majina yako yote

Usiiruke hatua hii. Miongozo ya Kiingereza huigusa kwa sentensi moja, maana imeandikwa kwa watu ambao jina lao halijawahi kuharibiwa na karani.

Chukua daftari. Andika kila namna jina lako lilivyowahi kuandikwa kwenye karatasi yoyote. Waliopitia kambi za wakimbizi, iwe Nyarugusu ya Tanzania au Kakuma ya Kenya, wengi majina yao yaligeuzwa, la ukoo likawa la kwanza. Mwamini akaandikwa Muamini, mahali pengine Mwamin. Aliyekuja na hati yenye jina moja tu huenda aliandikiwa FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, na dalali anaichukua FNU hiyo kama jina kamili la mtu. Halafu kuna Januari 1. Wengi wetu tulipewa tarehe hiyo kwa sababu karani alihitaji tarehe yoyote. Kompyuta ikikuta watu 2 wenye majina yanayofanana, wote wa Januari 1 ya mwaka mmoja, ni rahisi iwachanganye.

Yule mama alikuwa na kurasa 4 kwenye tovuti moja. Angefuta ule wenye jina lake sahihi tu, nyingine 3 zingebaki zinamngoja tapeli.

Chini ya majina, andika anwani zote ulizoishi Marekani, namba za simu na barua pepe za zamani. Daftari libaki nyumbani.

Hatua ya 2: Fungua barua pepe ya kazi hii tu

Kila dalali atataka barua pepe ili akuthibitishe. Ukimpa unayotumia na benki, umemwongezea bidhaa. Fungua mpya, usiitumie kwingine.

Hatua ya 3: Anza na wakubwa

*Spokeo.* Tafuta jina lako, fungua ukurasa wako, nakili anwani ya ukurasa huo. Nenda spokeo.com/optout, ibandike, weka ile barua pepe mpya. Watakutumia kiungo, usipokibonyeza, ni kama hujaomba. Rudia kwa kila ukurasa uliouona.

*PeopleConnect.* Hawa ndio wenye Intelius, TruthFinder, Instant Checkmate na US Search, na ombi moja kwenye suppression.peopleconnect.us linazigusa zote. Wakiuliza tarehe ya kuzaliwa, weka iliyo kwenye karatasi zako hata kama mama yako anaijua nyingine, kwa sababu iliyo kwenye karatasi ndiyo waliyonayo.

*Whitepages.* Nenda whitepages.com/suppression-requests. Wamekuwa wakithibitisha kwa simu: skrini inakupa namba, mashine inakupigia, unazibonyeza. Kama unamsaidia mzee, mwambie mapema kwamba simu hiyo ni sisi tuliyoiomba. Wazee wengi siku hizi wanakata simu ya namba wasiyoijua, na wanafanya vizuri.

Baada ya hao nenda TruePeopleSearch, FastPeopleSearch na BeenVerified. Tembeza ukurasa hadi chini kabisa, utafute maandishi madogo yanayosema *Do Not Sell or Share My Personal Information* au *Opt Out*. Ukiombwa kulipa ili uone ripoti, umepotea njia, rudi nyuma. Kujitoa kwenye tovuti hizi ni bure.

Ukidaiwa picha ya kitambulisho, ziba namba na sura, acha jina na anwani. Namba ya Social (Social Security, namba yako ya utambulisho ya serikali) usimpe dalali wa tovuti hizi kwa sababu yoyote ile.

Kila ombi liandike daftarini: tarehe, tovuti, jina ulilotumia. Piga na picha ya skrini.

Hatua ya 4: Wasioonekana

Zile barua za "umeshaidhinishwa kadi ya mkopo" zinatokana na kampuni za rekodi za mikopo kuuza orodha za majina. Nenda optoutprescreen.com au piga 1-888-567-8688. Ombi la mtandaoni linadumu miaka 5. Ukitaka la kudumu, chapisha fomu yao, tia saini, tuma kwa posta. Kisha funga rekodi yako ya mikopo (credit freeze), ili mtu asichukue mkopo kwa jina lako. Fanya hivyo kwenye tovuti za kampuni hizo zenyewe, Equifax, Experian na TransUnion, kila moja peke yake. Tangu Septemba 2018 sheria inasema ni bure. Huku wataomba Social, na ni sawa, mradi anwani ya tovuti umeiandika kwa mkono wako, si kwa kubonyeza kiungo ulichotumiwa.

Hatua ya 5: Kama unaishi California

Una bahati. Jimbo lilipitisha sheria ya Delete Act mwaka 2023, na tangu Januari 2026 kuna mfumo unaoitwa DROP, privacy.ca.gov/drop. Unaomba mara moja, na madalali wote waliosajiliwa huko wanatakiwa kuanza kuyashughulikia maombi tarehe 1 Agosti 2026. Sisi wa majimbo mengine hatuna njia hiyo.

Mambo 2 ya kuangalia

Kujitoa kwa madalali si kujificha kwa serikali. Ukihama na wewe si raia, bado unatakiwa kuwajulisha Uhamiaji ndani ya siku 10 kwa fomu AR-11. Nimeona watu wakiogopa kuijaza wakidhani itauzwa. Ijaze.

Na dada uliyekimbia mtu anayekupiga: usianze na hatua ya 1. Majimbo mengi yana mpango wa kukupa anwani mbadala ya kutumia shuleni, kazini na kwenye ofisi za serikali ili nyumba yako isiingie kwenye kumbukumbu za wazi. Uliza kituo cha wanawake kilicho karibu nawe, au piga simu ya taifa ya msaada kwa wanaopigwa nyumbani, 1-800-799-7233, na uombe mkalimani wa Kiswahili. Haya mengine yatasubiri.

Hatua ya 6: Rudi baada ya miezi 3

Madalali wananunua upya, na jina lililofutwa linaweza kurudi. Fungua daftari, tafuta majina yote tena. Kwa yule mama, kurasa 3 zilikuwa zimetoka. Mmoja ulirudi, ule wa jina lililogeuzwa, safari hii ukiwa na namba yake mpya ya simu. Tukatuma ombi tena pale pale, naye akaiandika tarehe mwenyewe.