Mzula usio na mshono: namna ya kuzizoea sindano tano

Kwa miaka mingi mizula yangu yote ilikuwa na mshono kisogoni. Nilifuma kipande bapa kwa sindano mbili, nikakikunja, nikakishona. Huku Njombe, Juni ikiingia kila mtu anatafuta cha kuvaa kichwani, kwa hiyo iliuzika hivyo hivyo. Lakini watoto walilalamika kwamba ule mshono unawakwaruza. Dawa yake niliijua: kufuma kwa mzunguko, kwa sindano tano zenye ncha pande zote mbili. Ila kila nilipoziona mikononi mwa fundi mwingine, zimechomoza kama miiba ya nungunungu, moyo ulikataa.

Kilichonitoa hofu ni kofia ndogo ya kuvalisha chungwa. Nawe anza nayo, kabla hujagusa kazi ya mtu mzima.

Vifaa

Tafuta uzi wa sufu au wa akriliki, unene wa kati, gramu 100. Chagua rangi nyepesi, kwa sababu kwenye nyeusi vitanzi havionekani na macho yako bado yanajifunza. Sindano ziwe tano, za milimita 4, urefu wa sentimita 20 hivi. Kama dukani zipo zile ndefu zenye kichwa tu, chonga za mianzi. Sisi mianzi tunayo tele, ndiyo inayotupa ulanzi, ile pombe yetu. Pasua mwanzi uliokauka vizuri, chonga, piga msasa mkali, malizia kwa msasa laini, kisha sugua kwa nta ya mshumaa. Pitisha kila sindano kwenye soksi kuukuu ya nailoni. Ikinasa popote, rudi kwenye msasa. Kwa anayeanza mimi naipenda mianzi kuliko chuma, kwa kuwa haitelezi na vitanzi havichomoki ovyo.

Ongeza sindano butu ya kushonea sufu, na uzi mwembamba wa pamba wa rangi tofauti. Huo wa pamba una kazi yake baadaye.

Kofia ya chungwa

1. Anzisha vitanzi 48 kwenye sindano moja. Fuma mistari miwili kwenda na kurudi: viwili kawaida, viwili kinyume. Usigawe vitanzi mapema. Pindo likishakuwa na mistari hiyo miwili linalala vizuri, halijisokoti.

2. Hamisha vitanzi bila kuvifuma, 12 kwa kila sindano, sindano nne. Ziweke mezani kama mraba, ukingo wa chini wote ukitazama ndani. Pitisha kidole ukingoni kuanzia sindano ya kwanza hadi ya nne. Ukikuta mahali ukingo umepanda juu ya sindano, unyooshe sasa hivi, maana ukishaunganisha dawa ni kufumua tu.

3. Chukua sindano ya tano, ufume kitanzi cha kwanza kwa uzi unaotoka kwenye kitanzi cha mwisho. Duara limefunga. Ule mwanya mdogo wa chini utauziba mwishoni kwa mkia wa uzi.

Tulia hapa uangalie mikono yako. Zinazofanya kazi ni sindano mbili tu, kama ulivyozoea. Tatu zilizobaki zimeshika vitanzi vikisubiri zamu, na wala huhitaji kuzishika. Mimi nilipoliona hili mabega yalishuka yenyewe.

4. Kila unapoingia sindano mpya, kaza kitanzi cha kwanza, na cha pili ukikaze zaidi. Usipokaza, kwenye pembe itajitokeza ngazi ya matundu kutoka pindoni hadi juu.

5. Endelea na pindo, viwili kawaida, viwili kinyume, mizunguko minne, kisha mizunguko minane ya kawaida tupu.

6. Sasa utosi. Fuma vinne, halafu viwili pamoja, rudia hadi mwisho wa mzunguko. Mzunguko unaofuata fuma vitatu na viwili pamoja, kisha viwili na viwili pamoja, kisha kimoja na viwili pamoja. Mzunguko wa mwisho ni viwili pamoja tu. Hesabu yako itashuka hivi: 40, 32, 24, 16, 8. Kata uzi, upitishe mara mbili ndani ya vile vitanzi vinane, vuta. Utosi umefunga.

Livalishe chungwa. Ukiona matundu pembeni, fumua ufume tena, uzi ni ule ule.

Mzula wenyewe

Anzisha vitanzi 96, 24 kwa kila sindano. Kama ufumaji wako unatoa vitanzi 20 katika sentimita 10, utapata mzunguko wa sentimita 48, unaonyumbuka hadi kichwa cha 56. Pindo sentimita 5, kisha kawaida hadi kimo cha sentimita 15.

Kabla ya kupunguza, tia ule uzi wa pamba kwenye sindano butu, uupitishe ndani ya vitanzi vyote 96 vikiwa bado kwenye sindano zake. Uache hapo. Lolote likiharibika juu, chomoa sindano na ufumue bila woga. Kazi itasimama kwenye pamba. Mimi nilikuwa nimebakiza vitanzi 64 mtoto akavuta sindano moja, 16 vikabaki hewani. Kwa kuwa sufu haikimbii haraka, niliviokota kimoja kimoja, nami sikutetemeka kwa sababu ya huo uzi wa chini.

Punguza hivi: fuma 10, viwili pamoja, rudia mara nane. Fuata na mzunguko mmoja bila kupunguza. Kisha 9 na viwili pamoja, mzunguko mtupu, 8 na viwili pamoja, hivyo hivyo hadi vibaki 48. Fuma mzunguko mtupu wa mwisho, na kutoka hapo punguza kila mzunguko. Hiyo njia mikono yako inaijua, ni ile ya chungwa.

Ziba mwanya wa pindoni, ficha mikia ya uzi kwa ndani. Ule wa pamba uchomoe ukishaujaribisha mzula kichwani, siyo kabla.