Jinsi ya kuunda nomino za Kiingereza na kuzitumia bila kubahatisha

Juzi nilikuwa namsaidia mdogo wangu kunyoosha barua ya kuomba kazi, na karibu makosa yote tuliyoyakuta yalikuwa kwenye nomino. Nyakati ziko poa, tahajia iko poa, listi ya -tion, -ment na -ness ameikariri yote, lakini hakuna aliyewahi kumwambia kwamba kuunda nomino ni nusu ya kazi tu. Nusu ya pili ni namna hiyo nomino inavyokaa kwenye sentensi, na hapo ndo watu wengi wanapoumia. Nimepanga hatua vile vile tulivyozipita.

Hatua ya 1: Angalia unatoka na neno gani

Ni kitenzi au kivumishi? Usipojua hilo huwezi kuchagua kiambishi. Sisi tumezoea kugusa mwanzo wa neno, -zuri inakuwa uzuri, -vivu inakuwa uvivu, Kiingereza chenyewe kinafanya kazi kubwa mwishoni.

Hatua ya 2: Chagua mwisho

Kama unatoka kwenye kivumishi, -ness ndo chaguo la kwanza: kind inakuwa kindness, weak inakuwa weakness, happy inakuwa happiness. Vile vinavyoishia na -able, -ible na -al mara nyingi vinataka -ity: able inazaa ability, possible inazaa possibility, real inazaa reality. Wenye -ous ndo wasumbufu, maana curious inakwenda curiosity na generous inakwenda generosity, lakini serious na nervous zinabaki na -ness. Alafu kuna kundi dogo la zamani la -th ambalo ni la kukariri tu: long na length, strong na strength, wide na width, deep na depth, true na truth.

Kwa vitenzi, mimi sishauri kabisa kukariri viambishi kimoja kimoja. Kariri kwa ukoo. Angalia kitenzi kinaishaje alafu ujue ndugu zake wengi wanafuata njia ileile: admit inakuwa admission, kwa hiyo permit inakuwa permission na submit inakuwa submission. Describe ni description, basi prescribe ni prescription. Reduce ni reduction, produce ni production. Decide ni decision, conclude ni conclusion. Ukishika koo kumi hivi umeshapata maneno mengi sana, wakati mwenye listi ya viambishi bado anajiuliza kama ni -tion au -ment.

Vingine havina kiambishi chochote cha kushika: choose na choice, lose na loss, sell na sale, succeed na success, believe na belief. Na vingine havibadiliki kabisa, help ni help, answer ni answer.

Kwa watu tumia -er (teacher, driver), na kitenzi kikiishia na -ate mara nyingi ni -or (translator, operator). Mwenye -ee mara nyingi ni yule anayetendewa: employer anaajiri, employee ameajiriwa. Hapa kuna mtego mmoja mkubwa, cook. Mtu anayepika ni cook, hivyo hivyo bila kuongeza kitu. Cooker ni jiko. Ukimsifia mama wa mtu kuwa ni good cooker umesema mama yake ni jiko zuri.

Hatua ya 3: Tahajia

Tatu tu za kuangalia kwa makini: argue inapoteza e inakuwa argument, explain inapoteza i inakuwa explanation, na pronounce inapoteza o inakuwa pronunciation. Zingine kamusi itakuonyesha.

Hatua ya 4: Inahesabika au haihesabiki?

Hii usiiruke hata kama una haraka, hii ndo ilitula muda wote siku ile. Nomino ikishazaliwa lazima ujue kama inakubali a/an mbele na s mwishoni, na kiambishi hakikwambii moja kwa moja. Decision na information zote zina mwisho unaofanana masikioni, lakini unasema a decision, two decisions, na huwezi kusema an information wala informations. Statement inahesabika, equipment haihesabiki. Message inahesabika, luggage haihesabiki. Yani mwisho ni uleule, tabia tofauti.

Kosa linaingia kirahisi kwetu kwa sababu kwenye Kiswahili vitu hivi tunavihesabu bila shida, tunasema fanicha mbili, ushauri mmoja, habari tatu. Ukihamisha hivyo hivyo unapata furnitures, advices, na a good news, na zote si sahihi. Ukitaka kuhesabu weka piece of: a piece of advice, two pieces of furniture. News ina s lakini ni umoja, the news is good. Homework, research, evidence, luggage, hizo nazo weka kwenye kundi hilohilo.

Kuna dalili za kukusaidia ila usizitegemee asilimia mia. Nomino za watu, yani -er, -or, -ist, -ee, zinahesabika zote. Za -ness nyingi hazihesabiki, lakini weakness inahesabika ukimaanisha udhaifu mmoja mmoja, my weaknesses, na illness pia.

Sasa ngumu zaidi ni zile zinazobadilika maana. Kwenye barua ya mdogo wangu kulikuwa na I have many experiences in teaching. Experience yenye s ni mambo yaliyokupata maishani, safari, misukosuko, vitu kama hivyo. Uzoefu wa kazi hauhesabiki, kwa hiyo tukaandika I have a lot of experience in teaching. Work nayo hivyohivyo: kazi unayoifanya haihesabiki, I am looking for work, au kama unataka kuhesabu sema a job. Works ni kazi za msanii au mwandishi. Na knowledge haina wingi, ila a good knowledge of English inakubalika.

Kwa hatua hii tumia kamusi ya Kiingereza kwa Kiingereza, zile zilizoandikwa kwa ajili ya wanaojifunza. Nyingi zinaweka C kwa inayohesabika na U kwa isiyohesabika. Programu ya kutafsiri haikuonyeshi hilo, inakupa neno na kukuacha njiani.

Hatua ya 5: Kihusishi kinachofuata

Kitenzi kikigeuka nomino, mara nyingi kinadai kihusishi ambacho hakikuwepo. Answer the question, lakini an answer to the question. Request help, lakini a request for help. Prices increased, lakini an increase in prices. Discuss the plan haitaki about kabisa, ila a discussion about the plan ni sawa, nadhani ndo maana watu wengi wanaandika discuss about. Kwenye daftari andika nomino pamoja na kihusishi chake, usiandike peke yake.

Hatua ya 6: Jiulize kama unaihitaji

Watu wakishajua kuunda nomino wanazijaza kila mahali wakidhani ndo Kiingereza kizuri. Barua ilikuwa na I made the organisation of the meetings. Tukarudisha kitenzi: I organised the meetings. Fupi, na anayesoma anajua nani alifanya nini. Kila ukiona make, do au have imekaa mbele ya nomino uliyoiunda kutoka kwenye kitenzi, jaribu kwanza kurudisha kitenzi chenyewe, na sentensi ikisimama vizuri iache hivyo.